Sehemu ya Tano Ambayo Sikuichapa

Mwaka huu nimekunja kazi. Macho yangu yalikuwa yakiniomba ruhusa kwa muda mrefu, na hatimaye nimeyapa. Vijana wa kikundi cha waandishi pale Embu mjini wameniomba niwaandikie jinsi nilivyotunga hadithi miaka yote hii bila kampuni ya kuchapisha, bila mhariri, na kwa muda mwingi bila umeme wa kutegemea. Mmoja wenu aliuliza pia kazi hii ilinipa cheo gani. Cheo nilichopata ni kuitwa Mwalimu na watu ambao sikuwahi kuwafundisha chochote, kwa hiyo hapo tutapita haraka.

Nilianza kama mpiga taipu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Runyenjes, nyuma ya duka la mbolea, na mwenyewe alikuwa mama mmoja tuliyemwita Madam Irene. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino, nikidhani nimeajiriwa kukaa. Madam Irene aliniangalia miguu, akasema, "Hivyo utavaa Jumapili. Hapa kuna mashine ya kuzungusha." Alikuwa na maana ya mashine ya kurudufu, ile ya pipa na mkono wa chuma, ambayo mtu aliizungusha kama anayesaga mahindi.

Wengi wenu hamjaiona stensili, basi nieleze. Ni karatasi laini yenye nta. Unaiweka kwenye taipureta, na kila herufi unayopiga inakata nta. Wino unapita pale palipokatwa, ndipo karatasi mia zinatoka zote zinafanana. Ukikosea herufi moja, unapaka dawa yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unangoja ikauke, unapiga tena juu yake. Ukikosea sentensi nzima, stensili imekufa. Ndiyo maana Madam Irene hakuniruhusu kuigusa kabla sijasoma kwa sauti kila kitu nilichotaka kukipiga.

"Isome," aliniambia, huku anachuja chai.

"Ni barua ya mkutano wa wazazi tu, Madam."

"Basi isome kama mzazi."

Nikaisoma kama mzazi, na nikagundua kwamba barua haikusema mkutano ni siku gani. Tangu hapo, hadithi yoyote niliyoiandika niliisoma kwa sauti kabla ya mtu mwingine kuiona. Ulimi unajikwaa pale jicho linapoteleza. Kama hamtachukua lolote lingine katika karatasi hizi, chukueni hilo.

Hadithi yangu ya kwanza niliipiga kwenye stensili iliyobaki nusu baada ya programu ya harusi. Ilikuwa kurasa sita, zimebanwa kwa pini mbili za stepla. Nilimwonyesha Madam Irene. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Alishika kijitabu, akaweka vidole gumba pembeni mwa ukurasa, vikafunika maneno. "Acha nafasi," akasema. "Msomaji ana vidole." Nikapiga upya. Vijitabu arobaini vya kwanza viliuzwa kwenye maduka ya Runyenjes na Karurumo, kando ya sabuni na viberiti, na nilikuwa ninapita ng'ambo ya barabara kila saa kuangalia kama kuna aliyevigusa.

Sasa makosa. Mimi ni mtu wa juu, wa chai na ukungu. Nilipata hamu ya kuandika hadithi ya familia ya kule chini penye joto, nikaipeleka Ishiara hukohuko siku ya soko kwa fahari kubwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza pojo, yaani choroko, alinunua, akasoma amekaa juu ya gunia lake, nami nimesimama karibu najifanya naangalia maembe. Alisoma mpaka ukurasa wa tatu, akainua kichwa.

"Ni wewe umeandika hii?"

"Ni mimi, mama."

"Hawa mbuzi wako wamefungwa kwa kosa gani?"

Sikuelewa. Akaita jirani yake. "Kuja usikie. Huku kwetu mbuzi wamefungwa kwa nyumba wanakatiwa nyasi kama ng'ombe wa maziwa. Labda waliiba."

Wakacheka mpaka pojo zikamwagika. Kwetu juu shamba ni dogo, mbuzi hufungwa bandani akaletewa majani. Kule chini mbuzi hutoka asubuhi na kujitafutia vichakani, na kila mtoto anajua. Niliokota pojo pamoja nao, kisha nikakaa hapo mpaka saa tisa nikiuliza maswali. Mama yule alinirekebishia hadithi nzima, hata jinsi mbuzi anavyosimama kwa miguu ya nyuma kufikia jani. Msiogope kuchekwa sokoni. Mtu anayecheka kosa lako amesoma mpaka akalifikia.

Kosa la pili lilikuwa la majina. Mnajua desturi yetu: mtoto wa kwanza wa kiume ni jina la babu mzaa baba, wa pili ni la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Majina yanazunguka ndani ya familia na hayatoki. Mimi nilijitungia mlevi, nikampa jina na jina la baba yake, nikidhani nimebuni. Wiki ya pili, akina mama wanne wa familia moja walifika ofisini wamevaa sare za kanisa. Jina lile lilikuwa la babu yao, mjukuu wake, na mjukuu wa huyo mjukuu, aliyebatizwa mwezi uliopita. "Tuambie ni yupi kati yao anayekunywa," alisema mkubwa wao, "maana mmoja amekufa na mwingine ananyonya." Niliomba msamaha, na tangu siku hiyo wahusika wangu hawakuwa na majina. Niliwaita Fundi, Mjane, Mkubwa, Mdogo. Niliona kwamba nimefunga mlango ili mtu yeyote asijione ndani ya hadithi. Mtaona punde nilichokuwa nimekifanya.

(Na kwa sababu hiyohiyo, majina ya wazee wawili nitakaowataja hapa chini si yao. Wote wawili waliniruhusu niandike. Ukiwa na jina hilo, si wewe.)

Kulikuwa na mkulima mmoja wa chai aitwaye Marigu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Kila kijitabu kipya alinunua kimoja. Siku moja aliniuliza kama nitaendeleza ile hadithi ya mjane anayemwimbia ng'ombe wake. Nilimwambia sijaandika mjane anayeimba.

"Umeandika," akasema. "Anakamua huku anaimba. Watu wote wanaujua huo wimbo."

Nilikwenda kuangalia mwenyewe. Kituo cha kununulia majani chai kiko juu ya Runyenjes, banda la mabati lenye meza ndefu. Wakulima huleta vikapu vyao mchana, humwaga majani mezani na kuyachambua, wanatoa yaliyokomaa na kubakiza majani mawili na kichipukizi. Kisha wanangoja lori. Lori huja likipenda. Katika kungoja huko ndiko nilikomkuta Marigu amesimama juu ya kreti, kijitabu changu mkono wa kushoto. Alisoma sentensi ya Kiswahili kimyakimya, midomo ikitembea, halafu akaisema kwa Kiembu kwa sauti. Nusu ya waliokuwa pale walikuwa wazee ambao Kiswahili chao ni cha kuulizia njia tu.

Nilisikiliza nikiwa nimejificha nyuma ya nguzo, na mwanzoni damu ilinipanda. Aliruka mistari minne mizuri kabisa niliyokuwa nimeandika kuhusu mlima wakati wa alfajiri. Nilipomuuliza baadaye, alisema, "Mlima tunauona. Kwa nini niwasomee?" Mahali nilipoandika tu kwamba mjane alilia, Marigu alilia. Aliweka maneno ambayo mwanamke wa kwetu huyasema akilia, na kisha ule wimbo wa kukamulia. Nilikuwa tayari kutoka nyuma ya nguzo kudai hadithi yangu.

Ndipo nikaona mikono. Mkono wa mchuma chai haukomi hovyo. Hata akisalimia, akigombana, vidole vinaendelea kuchambua. Watu kama thelathini walikuwa pale, na mikono yote ilikuwa imesimama juu ya majani. Mzee mmoja alishika jani moja hewani kama mtu aliyesahau analipeleka wapi. Kitu nilichokipiga peke yangu kwenye chumba nyuma ya duka la mbolea, kikitoka kichwani mwangu ambacho nakijua kilivyo, kilikuwa kimefika kwa watu hawa kupitia kinywa cha mwingine, kwa lugha nyingine, kimekuwa kikubwa kuliko nilivyokituma. Nilishuka mteremko ule nikitembea polepole, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Baada ya hapo niliandikia kituo. Niliandika sentensi fupi ambazo Marigu angeweza kuzishika mdomoni huku akizigeuza. Nilianza kutoa hadithi kwa sehemu, moja kila wiki mbili, siku hizo tayari kwa fotokopi. Sehemu moja ilitosha kungojea lori moja.

Hadithi ninayotaka kuwaeleza iliitwa *Mpaka*. Ilipangwa iwe na sehemu tano. Kila mtu wa kwetu anajua matoka, yale maua meupe yenye kitunguu ardhini, ambayo wazee waliyapanda kwenye mipaka ya mashamba kwa sababu hayafi kwa jua wala kwa jembe. Kuyahamisha ni jambo ambalo mtu halisemi kwa sauti. Katika hadithi yangu baba amekufa, Mdogo yuko shule ya bweni, na Mkubwa anahamisha matoka hatua nane kuingia upande wa Mdogo. Hakuna anayemwona. Anaishi vizuri, analala usingizi mzuri, anazeeka. Katika sehemu ya tano angeumbuliwa kwenye baraza la chifu mbele ya kijiji kizima. Nilikuwa nimeshaiandika sehemu hiyo na nilijivunia sana. Chifu alikuwa na hotuba ya ukurasa mzima.

Sehemu ya nne ilitoka mwisho wa Machi. Siku tatu baadaye mzee mmoja aliingia ofisini akitembea kwa fimbo, akafunga mlango nyuma yake. Nitamwita Ireri. Nilimfahamu kwa uso. Alikuwa mkulima wa kituo kile, mzee wa kanisa, mtu wa kusikilizwa. Hakukaa.

"Nani alikuambia?" akauliza. Alisema kwa Kiembu. Mimi naandika kwa Kiswahili.

"Kuniambia nini, mzee?"

"Usinichezee, Mama Wawira. Matoka."

Nilimweleza kwamba hakuna aliyeniambia chochote, kwamba ni hadithi, kwamba nilibuni. Alinitazama kama karani wa mizani anavyotazama kikapu chenye mawe chini.

"Ulibuni hatua nane?"

"Ndiyo, mzee."

"Zangu zilikuwa saba," akasema. "Umeniongezea."

Hapo ndipo alipokaa, na mimi nikakaa. Sijui nyinyi mnasadiki nini kuhusu kazi hii. Mimi mpaka siku hiyo nilisadiki kwamba mwandishi huchukua kutoka kwa watu akawapa hadithi. Sikujua kwamba unaweza kutunga uongo safi, ukaurusha hewani, ukaenda ukatua juu ya ukweli wa mtu kama ndege anayerudi kiotani.

"Na kuna mahali umekosea," Ireri akaendelea. "Umeandika Mkubwa analala usingizi mzuri. Matoka hayakubali."

"Hayakubali vipi?"

Alinieleza. Ukiyang'oa matoka, vitunguu vikubwa vinatoka, lakini vile vidogo, vya ukubwa wa punje ya njugu, vinabaki ardhini. Mvua ndefu zikifika, vinachipuka. Vinachipuka palepale pa zamani, kwa mstari, kama watoto wa shule kwenye gwaride. Kwa hiyo kila Aprili, tangu mdogo wake alipokuwa bweni mpaka sasa ambapo mdogo wake naye ana wajukuu, Ireri amekuwa akitoka alfajiri kuinama na kuving'oa kimoja kimoja kabla Mbogo hajaamka. Mbogo ndilo jina nitakalompa huyo ndugu.

"Kila mwaka?" nikauliza.

"Kila mwaka. Mwaka mmoja nilikuwa na homa ya mapafu. Niling'oa nikitambaa." Akapiga goti lake kwa kiganja. "Mwaka huu haya yamekataa kabisa. Siwezi kuinama. Na mpima ardhi anakuja Juni kutuwekea vigingi vya saruji. Akishaweka, imekwisha. Hakuna wa kuhamisha tena, upande wowote."

Nikaelewa kilicholetwa ofisini kwangu. Kabla ya Juni, ama Ireri angemwambia Mbogo, ama angemtafuta mtu wa kumng'olea na wizi ule ungemiminiwa saruji.

"Sehemu ya mwisho inasema nini?" akauliza.

Nilimwambia. Baraza, chifu, kijiji kizima. Nilipokuwa nikieleza, hotuba ile niliyojivunia ilianza kuninukia vibaya, kama maziwa yaliyokaa. Ireri alisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna njia nyingine?"

"Mimi sijaiona, mzee."

"Si wewe ndiye mwenye hadithi?"

Mwishowe nikamwambia hivi: sitaichapa sehemu ya tano kwa sasa, na siri yake sitaitoa. Lakini sitamwahidi kwamba nitangoja mpaka mpima apite, maana hapo ningekuwa nimemsaidia kuinama. Akasema, "Hiyo ni haki," akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga.

Wiki mbili zikapita, kisha nne. Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule. Kila nilipoisikia juu ya mabati, niliwaza vile vitunguu. Niliandika mwisho mwingine, nikauchana. Niliandika Mkubwa akifa, nikachana. Kumuua mhusika ni njia ya mwandishi ya kutoka chumbani bila kumaliza mazungumzo. Niliandika barua ya msamaha, nikaisoma kwa sauti, na ulimi wangu ulijikwaa kila mstari. Kila nilipojaribu niliona kwamba Ireri alikuwa amenishinda kazi yangu. Mimi nilibuni mwizi anayelala. Yeye aliniletea mtu anayetambaa kwenye tope na homa ya mapafu ili ua lisionekane. Akili yangu isingefika huko hata ningeishi mara mbili.

Kituoni watu walikasirika. Marigu alinipigia simu. "Wanasema umekufa. Kuja uonekane. Na kama hukufa, kuja na karatasi."

Nilikwenda mikono mitupu. Walinipokea kwa kelele.

"Huyo hapo! Ametunyima!"

"Mwalimu, mimi nimechambua majani vibaya wiki nzima kwa ajili yako."

"Apigwe na radi," mama mmoja alikuwa akisema, kuhusu Mkubwa, natumaini. "Radi moja tu, pale kwa matoka."

"Radi ya nini? Apelekwe kortini."

"Kortini atamaliza miaka kumi anaambiwa arudi kesho. Mimi nachagua radi."

Mbogo alikuwepo, mwisho wa meza, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, anachambua majani yake bila kuchangia. Nilipomwona nilitafuta mahali pa kutazama. Ndipo Ireri akaingia, fimbo mkono mmoja, kikapu kidogo mkono wa pili, kikiwa na majani ambayo pengine hayakufika hata kilo tatu.

"Mnapiga kelele bure," akasema. "Mwisho mimi naujua."

Watu wakashangilia. "Mzee amekuwa mwandishi!" Marigu akashuka kwenye kreti. "Kuja usimame hapa, baba. Mwalimu amekataa kusema, sema wewe."

"Magoti haya hayapandi kreti. Nitasemea hapa."

Akasema. Alianza pale nilipoachia, kama mtu anayeokota uzi uliodondoka. Alisema kwamba Mkubwa hakulala. Alieleza vitunguu vidogo, ukubwa wa punje ya njugu. Alieleza alfajiri za Aprili, moja baada ya nyingine, tope, baridi, mkono unaopapasa gizani. Kicheko kilikwisha taratibu. Alipofika kwenye homa ya mapafu nilitazama meza, na mikono ilikuwa imesimama. Mikono ya Mbogo peke yake iliendelea kuchambua, haraka haraka, akitupa hata majani mazuri.

"Halafu mwaka mmoja magoti yakakataa," alisema Ireri. "Mkubwa akayaona matoka yakichipuka mahali pake pa haki, akasema, basi, yachipuke. Macho ya mdogo wangu yayaone. Na mpima akija aweke kigingi hapohapo." Akaegemea fimbo yake. "Mimi nimefika hapo. Mbele ya hapo sijui."

Kisha Marigu, ambaye hawezi kuiacha hadithi njiani, akauliza, "Na Mdogo je? Alisema nini?"

Mbogo hakuinua kichwa. "Mdogo alikuwa anajua," akasema.

Ireri aligeuka. "Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza. Alirudi nyumbani likizo ya Aprili akaona mstari umechipuka. Asubuhi ya pili akamwona Mkubwa anang'oa."

"Na mbona hakusema?"

"Angeanzaje?" Mbogo sasa alikuwa ameshika jani moja, analikunja na kulikunjua. "Baba amekufa. Mkubwa ndiye amesimama pale pa baba. Mdogo atamwambia baba yake, wewe ni mwizi? Alingoja aambiwe."

"Alingoja sana," akasema Ireri.

"Alingoja sana."

Sidhani waliokuwa pale wote walielewa. Wengine walielewa, nilimwona Marigu akijifunika mdomo kwa kitenge chake. Wengine mpaka leo wanasimulia jinsi wazee wawili walivyomalizia hadithi ya Mwalimu vizuri kuliko yeye mwenyewe, na hao nao wamesema kweli. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na kalamu na daftari. Sikuvitoa. Nimekaa katika kazi hii maisha yangu yote, na saa ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote nilikuwa msikilizaji, nimeegemea nguzo ya banda, machozi yananitoka kama mtu aliyemenya vitunguu.

Lori likasikika kwenye kona ya chini. Mama yule wa radi alinivuta mkono. "Mwalimu, ndivyo inavyoisha?"

"Ndivyo," nikasema.

Watu wakaanza kupanga foleni kwenye mizani, kila mmoja na mzigo wake. Mbogo aliacha magunia yake mawili makubwa pale mezani. Alikwenda akachukua kikapu kutoka mkononi mwa Ireri, akakiinua, akakitundika kwenye ndoano.

"Haya ni ya nani?" karani akauliza, kalamu tayari. "Si wewe una magunia?"

"Ya kaka yangu," akasema Mbogo. "Anza na hayo."